Masijala ya Muziki

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wetu wa mwaka, Kasulu. Msemaji alimaliza Kidato cha Nne mwaka 1997, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa ni Afisa Kumbukumbu Serikalini.)



Kamati iliniandikia barua ikiniomba nieleze jinsi ya kutunza muziki mwingi kwa msaada wa kompyuta. Nadhani walinichagua kwa sababu wajumbe watatu wamewahi kufika nyumbani kwangu, wakaziona zile mashine mbili nyeusi sebuleni na CD zangu 870, wakaduwaa. Lakini iko sababu nyingine, na afadhali niitaje mapema, mtu asije akadhani kwamba tumekusanyika hapa kusikiliza habari za starehe. Katika stoo ya shule, nyuma ya ofisi ya taaluma, yako makasha mawili ya bati yenye kaseti 63. Ajenda namba 6 ya leo itauliza fedha za mfuko wetu zitumike kwa lipi. Mimi nina upande katika jambo hilo, nami nitausema waziwazi. Kwanza tuanze na mashine.

CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, nayo ni kazi ya makampuni mawili, Sony na Philips. Ni kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Sauti hugeuzwa kuwa namba. Katika kila sekunde moja hupimwa mara 44,100, na vipimo hivyo huandikwa kwa vishimo vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mwanga wa leza huvisoma kuanzia katikati kwenda pembeni, kinyume cha santuri za baba zetu ambazo sindano ilianzia pembeni ikaingia ndani. CD ya kawaida huchukua dakika 74.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo shina la mazungumzo yangu. Mwanzoni mwa CD pana orodha ya vilivyomo, lakini orodha hiyo haina jina hata moja. Inasema tu kwamba nyimbo ziko kumi, kwamba wa kwanza unaanzia sekunde fulani, na wa pili dakika fulani. Mwaka 1996 wenye CD yao walibuni njia ya kuongeza majina, lakini CD za dansi letu nilizo nazo karibu zote hazina majina hayo. Maana yake ni kwamba mashine inaweza kukupigia wimbo bila kujua ni wimbo gani, mfano wa tarishi anayebeba barua asiyojua kuisoma. Ukiwa na CD ishirini hilo si tatizo, kwani macho yako yanatosha. Ukiwa na mia nane, macho hayatoshi.

Katika miaka ya 1990 viwanda vya Japani vilianza kutengeneza mashine za kubeba CD nyingi kwa pamoja. Sisi tuliziita chenja. Sony walikuwa na jamii ya CDP-CX, nyingine za CD 200, nyingine 300, na mwishowe 400. Pioneer nao walikuwa na zao. Ukifungua mlango wa mbele unaona gurudumu kubwa lililolala, lenye mianya pembeni mithili ya meno ya kitana. Kila CD inasimama wima ndani ya mwanya wake, na kila mwanya una namba. Ukiagiza namba 147, gurudumu linazunguka, mkono mdogo unaivuta ile CD, unaibana, leza inaisoma, muziki unaanza. Huchukua sekunde kadhaa, na sauti yake ni kama ya mtu anayetafuta ufunguo katika droo.

Mashine yenyewe inaweza kukumbuka majina, lakini kwa ubahili mkubwa. Katika nyingi za Sony, jina la CD liliruhusiwa herufi 13 tu. Jaribu kuandika «Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz» kwa herufi 13. Tena unaandika kwa kuzungusha kitufe, herufi moja moja. Aina za baadaye ziliwekewa tundu la kuchomeka kibodi, nafuu kidogo, lakini herufi zilibaki zilezile.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mashine hizo za Sony zilikuwa na tundu dogo kwa nyuma la kuunganishia mashine na mashine, ili moja ikiwa inapiga, nyingine iwe inajiandaa, na kusiwe na kimya katikati ya nyimbo. Mafundi wa Marekani waligundua kwamba maagizo yanayopita katika waya ule yanaweza kutolewa na kompyuta. Kampuni moja ndogo, Nirvis Systems, ikatengeneza kisanduku kilichoitwa Slink-e, upande mmoja kinachomekwa kwenye kompyuta, upande wa pili kwenye chenja. Kuanzia hapo kompyuta haikuhitaji kubeba muziki wenyewe. Ilibeba rejesta tu. Unatafuta jina la wimbo kwenye kioo, kompyuta inaangalia rejesta, inaona «mashine ya pili, mwanya 147, wimbo wa 5», inatuma agizo, mashine inatii. Wengine waliunganisha chenja mbili, tatu, hata zaidi, na kompyuta ikazisimamia zote kama nyapara.

Mtauliza mashine ya namna hiyo ilifikaje huku kwetu Buha. Ilifika kama mambo mengi ya miaka ile yalivyofika, kwa njia ya wakimbizi. Tuliokuwa Kidato cha Tatu mwaka 1996 tunakumbuka Wakongo walivyoingia na kambi ya Nyarugusu ilivyofunguliwa. Warundi walikuwa wametangulia tangu 1993. Kwa miaka kumi na zaidi Kasulu na Kibondo zilijaa magari meupe. Kisha Warundi wakaanza kurudi kwao, kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, Lugufu mwaka 2009, Mtabila mwishoni mwa 2012, na wageni wakauza vyombo vya nyumbani kabla ya kuondoka. Mimi nilikuwa mtumishi Kibondo. Mwaka 2009 Mmarekani mmoja aliyemaliza mkataba wake alinadi vitu barazani: friji, vitanda vya kambi, na chenja mbili za CD 300 kila moja, pamoja na kisanduku chake na kompyuta kuukuu yenye tundu la pini tisa. Watu waligombea friji. Chenja hazikuwa na mgombea. Nilizipata kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya mke wangu.

Zilikuwa mashine za umeme wa Marekani, volti 120, na wetu ni 230, kwa hiyo nililazimika kununua transfoma Mwanza. Kibondo nilitumia betri za jua, na chenja hailaumiki kwa ulaji, inatumia umeme kidogo kuliko taa za zamani. Shida ilikuwa umeme ukikatika wakati mkono umeshika CD. Ukirudi, mashine inazunguka gurudumu zima ikijiuliza mwanya upi una kitu na upi ni mtupu, na majina uliyoiandikia huyasahau ikikaa muda mrefu bila umeme. Rejesta iliyoko kwenye kompyuta haisahau. Ndiyo maana nikaacha kabisa kuandika majina ndani ya mashine. Akili ikae mahali pamoja, misuli ikae pengine.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye rejesta, maana mashine zimezeeka lakini kazi ya rejesta haijazeeka. Wengi hapa mnafanya kazi Serikalini au mmestaafu huko. Mnajua masijala. Mnajua kwamba jalada hupewa namba, na namba hiyo haibadiliki hata wizara ikibadilishwa jina mara tatu katika miaka kumi. Jina ni la watu; namba ni ya jalada. Muziki wetu unahitaji nidhamu hiyohiyo, pengine zaidi kuliko muziki wa nchi nyingine yoyote niijuayo.

Nitoe mfano. Bendi ya wafanyakazi ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, kwa kuwa chama cha wafanyakazi kiliitwa NUTA. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chama kikawa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikawa OTTU, bendi ikafuata. Leo ni Msondo Ngoma. Hii ni bendi moja, mtiririko mmoja, na baadhi ya wanamuziki walidumu humo kupita majina yote. Je, utaiweka chini ya N, J, O au M? Ukiiweka kila mahali, siku moja mjukuu wako atadhani zilikuwa bendi nne.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu mwanzo. Mwaka 1978 akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa. Mwaka 1985 akaenda Safari Sound. Baadaye akarudi Msondo, na akafariki mwaka 2014. Mtu anayetafuta sauti ya Gurumo hatafuti bendi. Na Mlimani Park yenyewe ilianza chini ya kampuni ya teksi na usafiri, kisha ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park, na mashabiki huiita Sikinde bila kujali mwenye mali ni nani. Mbaraka Mwinshehe naye nimemkuta kwenye makasha ya CD kwa tahajia nne tofauti. Kompyuta ni mjinga mwaminifu: tahajia nne kwake ni watu wanne.

Njia niliyotumia ni ile ya ofisini. Kila CD ilipewa namba ya kuingia kwa mfuatano, 1, 2, 3, bila kujali ni dansi, taarabu, kwaya au rumba ya Kinshasa. Namba niliiandika kwenye kasha na kwenye kitovu cha CD kwa kalamu laini, maana kalamu ngumu huikwaruza. Ndani ya rejesta kila wimbo ukapata mstari wake: namba ya CD, mwanya, jina la wimbo, jina la bendi kama lilivyoandikwa kwenye kasha, kisha safu ya pembeni yenye jina moja la kudumu nililolichagua mimi. Kwenye safu hiyo NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo zote zinasoma Msondo. Safu nyingine ni ya waimbaji na wapigaji, kila ninapokuwa na hakika nao. Nisipokuwa na hakika naacha wazi. Safu iliyo wazi haina aibu. Safu iliyojazwa kwa kubahatisha ni uongo unaosafiri.

Walio mijini watasema mtandao ungenisaidia. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1993 kulikuwa na masijala kubwa ya CD za dunia, CDDB, ambayo huitambua CD kwa kupima urefu wa nyimbo zake, kisha ikakuletea majina. Kwa CD za Ulaya ni ajabu tupu. Kwa CD za dansi letu zilizochomwa vichochoroni Kariakoo, masijala ile mara nyingi haijibu kitu, na mara nyingine hujibu jambo la kuchekesha. Kwaya moja ya huku kwetu iliwahi kutambuliwa kuwa somo la kujifunza Kireno, kwa sababu urefu wa nyimbo ulilingana. Kwa hiyo niliandika mwenyewe, jioni kwa jioni, karibu miaka miwili. Kibondo hakukuwa na mengi ya kufanya usiku.

Mashine zangu mbili zilibeba CD 600. Zilizobaki 270 zilikaa kwenye rafu zikiwa na namba zao, na rejesta ilinionyesha rafu badala ya mwanya. Mgeni akija akataja wimbo, ndani ya nusu dakika anausikia. Nilikuwa na jirani, mzee mstaafu wa Posta, aliyekuja kila Jumamosi kunijaribu. Alitaja nyimbo za ujana wake akitumaini kunishinda, na aliposhinda alifurahi zaidi kuliko aliposhindwa.

Siwashauri mtafute chenja leo. Hazitengenezwi tena, mikanda yake ya mpira hulegea, leza huchoka, na fundi wa kuzijua ni wa kutafuta kwa tochi. Moja ya zangu imekwisha kufa. Tena CD zenyewe, zile za kuchoma kwa kompyuta, hazina umri mrefu kama tulivyoahidiwa. Rangi inayobeba maandishi huharibiwa na mwanga na joto, na nimekuwa na CD za mwaka 2004 ambazo kufika 2015 zilikuwa vioo vya kujitazamia. Mkoa wetu ulipoanza kupata umeme wa Gridi ya Taifa mwaka 2022, sikuongeza mashine. Nilianza kuhamisha muziki wote kwenye diski ya nje, ile tunayoiita eksteno.

Hesabu yake ni rahisi. CD moja iliyojaa huchukua kama megabaiti 780. CD 870 hazifiki gigabaiti 690, na ukitumia njia ya kubana isiyopoteza sauti, unabaki na kama nusu yake. Eksteno ya terabaiti moja, ndogo kuliko daftari la mfukoni, inameza maktaba yangu yote na nafasi inabaki. Lakini eksteno ikianguka sakafuni, vyote 870 vimeanguka siku moja, jambo ambalo chenja haikuweza kufanya. Kwa hiyo ninazo tatu: moja nyumbani, moja ofisini, na moja kwa dada yangu Kigoma mjini. Rejesta ilihama bila kubadilishwa hata mstari mmoja. Palipoandikwa «mashine 2, mwanya 147» pakaandikwa jina la faili. Namba ya CD ni ileile niliyoiandika kwa kalamu laini mwaka 2009.

Nimesema hayo yote ili nifike kwenye makasha ya bati.

Nchi yetu haikuwa na kiwanda kinachofanya kazi cha kuchapa santuri. Bendi zilikwenda Nairobi, au zilirekodi katika studio za Redio Tanzania pale Barabara ya Pugu, na kanda zikabaki maktaba ya redio. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki wa taifa hili kwa miaka mingi ilikuwepo kwa nakala moja tu, juu ya utepe, katika jengo moja. Katika miaka ya 2010 zilianza juhudi za kuzihamisha kanda zile kwenda kompyuta, na kila aliyeshiriki kazi ya namna hiyo atawaambia kwamba utepe haungoji bajeti. Kwa upande wa ngoma za asili ni vigumu zaidi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo leo iko Makhanda, mji ulioitwa Grahamstown, Afrika Kusini. Mtanzania anayetaka kuusikia muziki ule wa 1950 kutoka kwenye chanzo chake anaandika barua Afrika Kusini. Namshukuru Tracey kwa kurekodi. Lakini ni jambo la kutufikirisha.

Sasa sisi hapa, katika wilaya ambayo hakuna studio iliyoifuata, tunazo kaseti 63. Mwalimu wetu mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa familia yake imeomba iwe hivyo, alizirekodi kati ya mwaka 1986 na 1999 kwa redio kaseti yake mwenyewe na betri alizonunua kwa mshahara wake. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule nilizihesabu na kuzisoma lebo mwezi uliopita. Nyingi ni kwaya ya shule na sherehe za mahafali. Ziko za midahalo. Kaseti tisa zimeandikwa «Wazee»: ni wazee wa Heru Juu, Muyama na Manyovu aliowaita shuleni mwaka 1988 waimbe, wapige zeze na inanga, na kueleza kwa Kiha maana ya wanachoimba. Nimeuliza vijijini. Katika wazee kumi na wawili walioandikwa kwenye lebo zile hakuna aliye hai.

Hali yake ni hii. Kaseti ni utepe wa upana usiofika milimita 4. Zile za dakika 60 zina utepe mnene kiasi na zimevumilia. Zile za dakika 90 utepe wake ni mwembamba zaidi, na baadhi zimenyooka au kujikunja. Ukungu wa Kasulu mnaujua. Nao umeingia ndani ya makasha, na kaseti saba zina kuvu nyeupe pembeni mwa utepe. Kaseti nyingine zimefungwa kwa skrubu tano, hizo tunaweza kuzifungua na kuhamishia utepe kwenye kasha jipya. Nyingine zimegandishwa kiwandani, nazo zinahitaji mkono wa mtu mwenye subira. Katika nyingi kile kipande cha sponji kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha mashine kimebanduka. Nawaomba sana, mtu asichukue hata moja kwenda kuijaribu kwenye redio ya gari. Redio inayotafuna utepe haitoi risiti.

Nilihamisha moja tu kwa majaribio, namba 17. Nilisafisha kichwa cha deki kwa spiriti, nikauzungusha utepe mbele na nyuma bila kuupiga ili ulegee, kisha nikaupiga mara moja, kompyuta ikirekodi. Ni kwaya ya mwaka 1988. Kwanza inasikika mvua juu ya bati. Kisha Mwalimu anasema, moja, mbili, na kuna mtu anakohoa, na Mwalimu anasimamisha, anaanza tena. Ndugu Mwenyekiti, wanaokujua wanasema sauti ya pili upande wa kushoto ni yako.

Tufike kwenye fedha. Mfuko una shilingi 6,400,000. Paa la bwalo limekadiriwa 6,100,000. Kazi ya kaseti nimeikadiria 850,000: deki mbili nzuri za mitumba, makasha matupu ya kubadilishia, eksteno tatu, na posho ya kijana mmoja kwa miezi mitatu. Kaseti hupigwa kwa mwendo wake uleule wa zamani, huwezi kuiharakisha. Saa moja ya sauti ni saa moja ya kazi, ukiacha maandalizi. Vyote viwili havitoshi. Tunapungukiwa 550,000.

Najua hoja ya paa, tena naiheshimu. Watoto wanakula wakiwa wamebana upande mmoja wa bwalo mvua ikinyesha, na mvua ya Kasulu si ya kutishia tu. Mjumbe mmoja aliniambia kwa ukali kwamba mtoto mwenye sahani iliyojaa maji hahitaji kwaya ya mwaka 1988. Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba lipo. Ninachosema ni kwamba bati za mwakani zitakuwepo mwakani, pengine ghali zaidi kidogo. Ule utepe wenye kuvu hautakuwepo. Naomba kaseti zitangulie, na zile 5,550,000 zitakazobaki ziezeke upande wa magharibi wa bwalo, unaopigwa zaidi na mvua, na upande mwingine ukamilishwe kwa michango ya mkutano ujao. Mkikataa nitaelewa, na nitaendelea na kaseti tisa za wazee kwa fedha zangu, mwendo wa kinyonga.

Kuna suala la haki pia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inawapa haki waimbaji na watunzi, na hatuwezi kuzimwaga sauti za watu mitandaoni kwa kuwa kanda zimekutwa stoo yetu. Pendekezo langu ni kwamba nakala zikae shuleni na katika ofisi ya utamaduni ya Halmashauri, na kila familia ya mzee aliyerekodiwa ipelekewe nakala yake kwanza, kabla ya mtu mwingine kuisikia. Mtu akitaka kuzitumia kwa biashara, aende kwa familia na kwa COSOTA, asije kwetu.

Ninahitaji pia kichwa chenu. Lebo nyingi zinasema «Form 3, wimbo wa pili» na hakuna zaidi. Rejesta itakuwa na safu ya majina ya waimbaji, na watu wanaoweza kuijaza wako ndani ya ukumbi huu, tena baadhi yetu mvi zimeshaingia. Nimebandika daftari mlangoni. Aliyekuwa kwenye kwaya, kwenye mdahalo au kwenye ngoma kati ya 1986 na 1999 aandike jina lake, mwaka, na sauti aliyoimba. Asiyekumbuka mwaka aache wazi.

Kaseti namba 17 ninayo hapa kwenye kompyuta, na spika ziko darasa la Kidato cha Pili A. Baada ya chakula, kabla ya Ajenda namba 6, nitaipiga kwa dakika ishirini kwa wanaopenda.